Uvimbe mwekundu wa kichanga: sio nyama aliyonyimwa mama

Hapa Ujiji mtoto akizaliwa na uvimbe wa zambarau pajani au shavuni, kitovu hata hakijakauka washatoa hukumu, mara mama alitamani nyama akanyimwa, mara jirani ana jicho baya. Jamani. Ule ni uvimbe wa mishipa ya damu, umejijenga mtoto akiwa bado tumboni, na hakuna alichokula wala alichokosa mama kikauleta, mwacheni mzazi apumzike.

Na sio kansa. Ila kuna vivimbe vingine vya hatari vinafanana nao, ndo maana dokta auone.

"Utaondoka wenyewe" hii nusu kweli. Kuna wa kuzaliwa nao umeshakomaa, huo mmoja unanywea haraka, kufika miezi 14 hivi umebaki ngozi iliyolegea, mwingine haunywei kabisa unakua na mtoto. Alafu kuna ule ambao siku ya kuzaliwa hauonekani au ni kidoa tu, wiki chache mbele unafura kwa kasi, baadae unapungua pole pole kwa miaka. Huu unaotokea baadae ndo madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walitangaza 2008 kwamba propranolol, dawa ya presha, inaupunguza. Ule wa kuzaliwa nao haujali hiyo dawa, sasa mtu anachukua vidonge vya presha vya bibi anampondea mtoto! Inaweza kushusha sukari na mapigo ya moyo ya kichanga, bila dokta usithubutu.

Kinachoniuma zaidi ni wembe. Eti kutoa damu chafu. Hamna damu chafu pale, ni mishipa mitupu, na mtoto wa kilo 3 mwili mzima ana damu kama mililita 250, haijazi hata chupa ya soda. Mawese, majivu, dawa ya meno navyo vinaweza kuchoma ngozi au kuleta vidonda, acheni. Uvimbe ukivuja damu bandika kitambaa safi, gandamiza bila kuachia, huku mnaenda hospitali. Wahini pia uvimbe ukiwa karibu na jicho, ukitoa kidonda, ukifura ghafla na kuwa mgumu, au mtoto akihema kwa shida au akigoma kunyonya.

Mpigeni picha siku ileile ya kwanza, kisha kila wiki. Wa dada yangu tulimpiga kila Jumapili, na dokta kabla hajamgusa mtoto aliomba simu, akaangalia ile picha ya kwanza, akauliza, "Kwa hiyo alizaliwa nao hivi hivi?"