Sikukuu za uchumba za Wahmong si mnada wa mabinti

Wengi huamini kwamba kwenye sikukuu za Wahmong, jamii ya milimani huko Laos na Vietnam, wasichana hupangwa mstari ili wanaume wajichagulie wake. Mistari ipo kweli, ila ni miwili: wavulana huku, wasichana kule, wakirushiana mpira wa kitambaa wakati wa Mwaka Mpya wao. Anayeuangusha huimba au hutoa pambo. Wa ukoo mmoja hawachumbiani. Huko Khau Vai, Vietnam, tarehe 27 ya mwezi wa tatu kwa kalenda ya mwezi mwandamo, hata wapenzi wa zamani waliokwisha kuoana na wengine hukutana wakajuliana hali. Utekaji wa mabinti ili waolewe ni suala jingine, zito, na Wahmong wenyewe wanalijadili kwa uchungu. Ukitumiwa video ya sikukuu hizi, angalia imepigwa wapi, lini, na kama Mhmong yeyote anasikika akieleza mambo yake.