Kirusi cha ndui hakivai utando mlangoni

"Kirusi cha mpox hujivika utando wa seli kinapotoka, kama kile cha UKIMWI." Tangu ugonjwa huu ulipoenea Kivu Kusini na kuvuka hadi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya mwaka 2024, sentensi hiyo nimeisikia mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa kwenye semina ya wahudumu wa afya ya jamii, na wote waliinamia madaftari wakaiandika. Nusu yake ni kweli.

Maana kwanza. Utando wa kirusi ni tabaka jembamba la mafuta lililochomekwa protini, linalozunguka vilivyomo ndani ya kirusi. Mafuta hayo kirusi hakijitengenezei. Huyatoa kwenye seli kilichoivamia.

Neno lenyewe ni zuri mno kulichezea. Utando umetokana na kutanda, kitenzi kilekile cha mawingu, na ndicho kilichotupa kitanda. Chemsha maziwa uyaache yapoe: ile ngozi laini inayotanda juu, ukiigusa na kijiko inajikunja, ukiivuta inafuata. Ndiyo maana nasikitika kusikia "ganda la kirusi". Ganda la yai ni gumu na ni la mwenyewe. Utando umetandwa juu ya kitu, na huenda umetoka kwingine. Aliyezoea kusema ganda hafikii kuuliza umetoka wapi.

Kwa kirusi cha UKIMWI au cha mafua, jibu ni jepesi. Kinausukuma utando wa nje wa seli, unavimba kinundu, kinundu kinakatika, kirusi kinaondoka nao. Virusi vya jamii ya ndui, kikiwemo hiki cha mpox, havifuati njia hiyo.

Hivi huzaliana nje ya kiini cha seli, mahali ambapo watafiti hupaita viwanda. Ukitazama humo kwa hadubini ya elektroni, kinachoonekana mapema ni vipande vya utando vilivyopinda kama mwezi mwandamo. Vimetoka kwenye retikulamu ya endoplazimu, ule mtandao wa vijia na vifuko uliojaa ndani ya seli. Ajabu ni kwamba vipande hivyo vina kingo wazi. Utando wa seli ukichanika hujiziba wenyewe. Hapa protini za kirusi zinazishikilia kingo zisizibe, na protini nyingine, D13, inajipanga upande wa nje kama sega la nyuki na kukipa kipande umbo, hadi kifunge kuwa mpira. Mwaka 1968 mtafiti Samuel Dales na mwenzake walidai kwamba utando huu unaundwa upya kabisa na si wa seli, kwa sababu vipande vilionekana havijashikana na chochote. Ilichukua miongo kadhaa kuonyesha kwamba asili yake ni retikulamu.

Baadaye D13 inabanduka na mpira unakomaa, unafanana na tofali. Kirusi kina utando mmoja, na tayari kinaambukiza. Vingi huishia hapo, vikisubiri seli ipasuke.

Vichache huendelea. Hivyo hufungwa na kifuko bapa, kwa mfano kutoka kwenye Golgi, sehemu ya seli iliyopewa jina la Camillo Golgi, Mwitaliano aliyeieleza mwaka 1898. Chukua gunia tupu, lilaze, kisha lifunge juu ya tofali: tofali limepata matabaka mawili kwa mkupuo mmoja, maana gunia lina pande mbili. Moja na mbili, tando tatu. Kirusi kinasafirishwa hadi ukingoni mwa seli, utando wake wa nje kabisa unaungana na ule wa seli na kubaki palepale. Kinatoka na mbili. Pale mlangoni tunapoambiwa kinavaa, ndipo kinapovua.

Hesabu hii ina uzito. Dawa ya tecovirimat inalenga F13, protini inayohitajika katika ule ufungaji wa pili. Virusi vyenye utando mmoja vinaendelea kutengenezwa. Tena utando wa nje wa kirusi kilichotoka ni dhaifu, lakini ukichanika, kilichomo ndani bado ni kirusi kamili chenye utando wake. Mhudumu aliyefundishwa kwamba utando ni mmoja, wa mlangoni, atadhani ukichanika kazi imekwisha, na atalikung'uta shuka la mgonjwa lenye magaga ya vidonda bila wasiwasi.

Mwezeshaji wa semina ile hakukosea kusema kwamba utando ni wa seli, na nilimshukuru kwa hilo. Ningemwomba tu kwamba penye "kinapotoka" aseme "kabla hakijatoka".