Je, wajua? Mwalimu mkuu aliyeshinda uchaguzi wa jimbo bila kugombea

Agosti 22, 1935, wapiga kura wa Alberta, jimbo la magharibi mwa Kanada, walikipa chama cha Social Credit viti 56 kati ya 63. Chama hicho kilikuwa kimeingia kwenye siasa za uchaguzi mwaka huohuo. Chama cha wakulima, UFA, kilichotawala tangu 1921, hakikupata hata kiti kimoja. La ajabu zaidi, kiongozi wa washindi, William Aberhart, hakuwa amegombea popote. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya sekondari ya Crescent Heights mjini Calgary tangu 1915. Aliapishwa kuwa waziri mkuu wa jimbo Septemba 3, na ikabidi mbunge wa Okotoks–High River ampishe ili apate kiti bungeni.

Iliwezekanaje?

Wengi hujibu kwamba ni ugumu wa maisha. Ni kweli: busheli ya ngano iliyouzwa zaidi ya dola moja kabla ya mdororo wa 1929 ilishuka chini ya senti 40 mwaka 1932, na wakulima wakazama kwenye madeni. Lakini dhiki ilikuwa kila mahali Kanada, na kwingine watu hawakumkabidhi mwalimu serikali. Kwa maoni yangu, Aberhart alishinda kwa sababu alifanya kampeni kwa namna aliyofundisha.

Kwanza, sauti yake ilishazoeleka. Tangu 1925 alikuwa akifundisha Biblia kila Jumapili kwenye redio CFCN ya Calgary. Kwa familia iliyoishi mbali na majirani, hasa wakati wa theluji, huyo alikuwa mgeni wa kila wiki nyumbani. Kisha, kiangazi cha 1932, alikwenda Edmonton kusahihisha mitihani ya jimbo. Huko mwalimu mwenzake akampa asome nadharia ya C. H. Douglas, mhandisi wa Uingereza: kwamba bidhaa zipo tele ila fedha mifukoni mwa watu hazitoshi kuzinunua, kwa hiyo kila raia apewe gawio. Aberhart aliipeleka nadharia hiyo moja kwa moja redioni.

Tena hakuhutubia tu. Alianzisha mamia ya vikundi vya kujisomea, mjini na vijijini, watu wazima wakiketi jioni na vijitabu kama wanafunzi. Redioni aliweka mchezo wa kuigiza wenye mgeni kutoka sayari ya Mirihi, ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza: mbona nchi hii ina chakula tele na watu wake wana njaa? Kisha ikaja ahadi: dola 25 kila mwezi kwa kila mtu mzima.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Tangu 1867, katiba ya Kanada imeyaweka mambo ya benki na sarafu mikononi mwa serikali kuu, si ya jimbo. Mwaka 1936 Alberta ilijaribu kutoa hati zake za malipo. Hati ya dola moja ilibandikwa stempu ya senti moja kila wiki ili ibaki halali, kusudi watu waitumie haraka wasiifungie sandukuni. Wafanyabiashara wengi waliikataa. Mwaka 1937 wabunge wa chama chake mwenyewe walimwasi, na mwakilishi wa mfalme jimboni, John Bowen, akakataa kuidhinisha miswada mitatu, mmoja ukiwa wa kuyabana magazeti. Mahakama ya Juu ya Kanada iliitupa miswada hiyo mwaka 1938. Serikali yake ilikuwa pia imepitisha sheria ya kuwaruhusu wananchi wamwondoe mbunge wao. Watu wa jimbo lake la uchaguzi walipoanza kukusanya saini za kumwondoa yeye, sheria ikafutwa. Hilo siwezi kumtetea.

Lakini tumpe haki yake. Akiwa pia waziri wa elimu, aliunganisha maelfu ya wilaya ndogo za shule, nyingi zikiwa na chumba kimoja na mwalimu mmoja anayecheleweshewa mshahara, kuwa wilaya kubwa zenye uwezo wa kulipa. Mwaka 1936 walimu wote waliingizwa kisheria katika chama chao cha kitaaluma, wakapata nguvu ya kujadiliana. Mwaka 1938 serikali yake ilifungua asasi ya fedha ya jimbo, ambayo leo inaitwa ATB Financial.

Aberhart alifariki Mei 1943 akiwa bado madarakani. Aliyemrithi, Ernest Manning, alikuwa mwanafunzi wake katika chuo cha Biblia alichokianzisha Calgary, naye akaongoza hadi 1968. Dola 25 za kila mwezi hazikulipwa kamwe. Hata hivyo mwaka 1957, fedha za mafuta zikiwa zimejaa hazina ya Alberta, serikali ya Manning iliwalipa watu wazima waliostahiki gawio la dola 20 kila mmoja.