Je, wajua kwa nini wabunge wa Missouri waliipangua sheria ya mbwa iliyopitishwa na wananchi?

Aliyezoea kufuatilia Bunge la Dodoma anaujua mchezo: Spika anauliza, ukumbi unaitikia "ndiyooo", kisha tunaambiwa waliosema ndiyo wameshinda. Nani hasa kasema? Haijulikani. Katika jimbo la Missouri, Marekani, hilo haliwezekani kwenye kura ya mwisho ya muswada. Katiba yao inataka kila jina liandikwe na kura yake, na inataka muswada uungwe mkono na zaidi ya nusu ya viti vyote, si nusu ya waliohudhuria. Baraza la Wawakilishi lina viti 163, hivyo zinahitajika kura 82. Aliyetoka kunywa kahawa ni kama kasema hapana.

Ndiyo maana tunajua walivyopiga kura kuhusu mbwa.

Missouri ilikuwa ikisifika, kwa ubaya, kwa wafugaji wanaozalisha mbwa wa kuuza madukani. Wakosoaji waliziita sehemu hizo viwanda vya watoto wa mbwa. Katika baadhi yao, mbwa jike aliishi kwenye kizimba chenye sakafu ya wavu wa waya, ili kinyesi kidondoke chini na mwenye mali asipate shida ya kufagia. Nyayo za mbwa ndizo zilizolipa gharama hiyo.

Novemba 2010 wananchi walipigia kura pendekezo lililoitwa Proposition B: mfugaji asizidishe mbwa 50 wa kuzalisha, sakafu za waya zipigwe marufuku, mbwa wapate nafasi ya kutoka nje na daktari awaone kila mwaka. Likapita kwa karibu asilimia 52. Wino haujakauka, Machi 2011 Seneti ya jimbo ikapitisha muswada wa kulipangua kwa kura 20 dhidi ya 14. Mwezi uliofuata Baraza likafuata kwa 85 dhidi ya 71. Kikomo cha mbwa 50 kikafutwa.

Iliwezekanaje? Jibu jepesi ni kwamba wabunge walinunuliwa na wafugaji. Mimi nadhani ramani inaeleza zaidi. Kura za ndiyo zilirundikana St. Louis na Kansas City pamoja na vitongoji vyake, huku kaunti nyingi za mashambani zikikataa. Kwenye kura ya wananchi, kapu ni moja: ndiyo elfu moja ya mjini inafuta hapana elfu moja ya shamba. Bungeni kila jimbo la uchaguzi lina kapu lake. Mjini ukishinda kwa kishindo, kile kishindo cha ziada hakikupi mbunge wa pili. Kwa hiyo wengi wa wapiga kura wanaweza kabisa kuwa wachache wa viti.

Na huko shambani hofu haikuwa ya mbwa tu. Pendekezo lilimtaja mnyama wa nyumbani kama mnyama yeyote aliyefugwa anayekaa ndani ya nyumba ya mwenyewe au karibu nayo. Mfugaji wa nguruwe akisoma "karibu nayo" anatazama dirishani na kuona banda lake. Watetezi wa mbwa walisema hofu hiyo haina msingi, lakini mbunge wa kaunti ya ng'ombe na mahindi hatabishana na wapiga kura wake kwa ajili ya mbwa wa jirani.

Kulikuwa pia na mlango wa kisheria. Proposition B ilikuwa sheria ya kawaida, haikuingia kwenye katiba, na Missouri inawaruhusu wabunge kuibadilisha sheria ya aina hiyo kama nyingine yoyote. California ni tofauti: sheria iliyopitishwa na wananchi bunge haliigusi mpaka liwarudie wao, isipokuwa sheria yenyewe iwe imeliruhusu.

Gavana Jay Nixon akawaketisha wafugaji na baadhi ya watetezi wa wanyama wa jimboni, na mwishoni mwa Aprili 2011 akasaini mwafaka. Kikomo cha 50 hakikurudi, ila vizimba vikatakiwa kuongezwa ukubwa kwa awamu, sakafu za waya zikawekewa muda wa kuondoka, na ukaguzi wa daktari wa mifugo ukabaki.

Wabunge nao walikuwa wamejifunza kitu kuhusu mlango ule. Mwaka 2013 wakapitisha pendekezo la kuingiza haki ya kufanya kilimo na ufugaji ndani ya katiba ya jimbo, mahali ambapo sheria ya kawaida haiwezi kuifikia. Hilo lilipaswa kwenda kwa wananchi. Agosti 2014 likapigiwa kura, zikahesabiwa, zikahesabiwa tena. Kati ya kura karibu milioni moja, lilipita kwa tofauti ya 2,375.