Nefesh: nafsi inayosikia njaa

Zaburi ya 69 inaanza na mtu anayezama. Katika Biblia ya Union ya mwaka 1952 analia kwamba maji yamefika "mpaka nafsini mwangu". Wengi husoma hapo wakadhani ni huzuni ya moyoni. Lakini mtu anayezama hana wasaa wa mafumbo: maji yamemfika kooni. Neno la Kiebrania lililotumika ni nefesh, na alichokisema mtunga zaburi, Mswahili hukisema kila akikwama: maji yamenifika shingoni.

Hapo ndipo pa kuanzia, kwenye koo. Nefesh ina ndugu katika lugha za kale za jirani, napishtu ya Kiakadi na npsh ya Kiugariti, nazo pia hutaja koo na uhai. Katika Isaya 5:14 kuzimu inaipanua nefesh yake na kuachama kinywa bila kiasi. Ukiliweka "koo" hapo, unaona mnyama anayetaka kumeza. Wafasiri wa Union wakaandika "tamaa", wala hawakukosea, kwa sababu koo ni njia ya njaa, na njaa na tamaa hulala chumba kimoja. Mithali 27:7 inasema nefesh iliyoshiba hulikanyaga sega la asali. Katika Isaya 56:11 kuna mbwa wenye nefesh kali, yaani walafi wasiojua kushiba.

Kiswahili nacho kilipita njia hiyo kwa neno jingine. Tunaitaja roho kwa heshima zote msikitini na kanisani, mpaka atokee jamaa anayeifuata sahani ya tatu ya pilau wakati wengine hawajala: huyo ni mroho, ana uroho. Na anayebanwa koo hukabwa roho. Mwebrania wa kale angecheka, maana angetuelewa mara moja.

Neno letu nafsi halikutoka kwenye Kiebrania moja kwa moja. Tumelipata kwa Kiarabu, nafs, ambalo ni dada wa nefesh katika ukoo wa lugha za Kisemiti. Undugu huo unasaidia, ila unaweza pia kumpotosha msomaji, kwani nafsi kwetu imeshakuwa jambo la ndani lisiloonekana. Ona Mwanzo 2:7: Mungu anamfinyanga mtu kwa mavumbi, anampulizia puani pumzi ya uhai, "mtu akawa nafsi hai". Tazama kitenzi: akawa. Hakupewa nefesh ikakaa ndani yake kama mpangaji. Mavumbi pamoja na pumzi ndiyo nefesh yenyewe, mtu mwenyewe.

Na si mtu peke yake. Maneno hayohayo mawili, nefesh chayyah, yametumika katika Mwanzo 1:20 kwa viumbe wa majini na katika 1:24 kwa mifugo na wanyama wa mwitu. Msomaji wa Kiswahili hana njia ya kulijua hilo, kwa sababu kwa mnyama Union wameandika "kiumbe hai" na kwa Adamu "nafsi hai". Tofauti hiyo ni ya wafasiri. Kwenye Kiebrania, samaki na Adamu wanaitwa jina moja.

Kwa kuwa nefesh ni mtu mwenyewe, hutumika hata kuhesabia watu: nyumba ya Yakobo iliyoingia Misri ilikuwa nefesh sabini (Mwanzo 46:27). Nafshi, "nefesh yangu", mara nyingi ni namna tu ya kusema "mimi". Mwanafunzi aliyefundishwa darasani kwamba "mimi" ni nafsi ya kwanza na "wewe" nafsi ya pili hana haja ya maelezo zaidi. Kinachoshangaza ni Hesabu 6:6, ambapo mnadhiri, mtu aliyejiweka wakfu kwa Mungu kwa nadhiri, anakatazwa kukaribia nefesh iliyokufa, yaani maiti. Anayefikiri nafsi ni kitu kisichoweza kufa atapata tabu na aya hiyo.

Hata hivyo nefesh huweza kutoka. Raheli anapokufa katika Mwanzo 35:18 nefesh yake inamtoka, na katika 1 Wafalme 17 Eliya anaomba nefesh ya mtoto imrudie. Kwa majirani wa Israeli wazo hilo lilikwenda mbali zaidi. Jiwe la kumkumbuka marehemu aitwaye Katumuwa, la karne ya 8 KK, lililofukuliwa Zincirli nchini Uturuki mwaka 2008, linaagiza sadaka kwa ajili ya nefesh ya marehemu "iliyo katika jiwe hili".

Kuna na kitenzi chake, kizuri kuliko vyote. Kutoka 31:17 inasema siku ya saba Mungu aliacha kazi *vayyinafash*, akavuta pumzi. Kiebrania kimetoa kitenzi hicho kwenye nefesh kama sisi tulivyotoa kupumzika kwenye pumzi.

Tabu ya msomaji wetu ni kwamba Union hawakushika neno moja. Mara ni nafsi, mara uhai ("uhai kwa uhai", Kutoka 21:23), mara roho, kama katika Ezekieli 18:4, "roho ile itendayo dhambi itakufa". Roho hiyohiyo hutumika pia kufasiri ruach, neno jingine la Kiebrania lenye maana ya upepo. Kwa hiyo mhubiri anayemgawa mtu mafungu matatu, mwili, nafsi na roho, kwa kutegemea Agano la Kale la Kiswahili tu, anajenga juu ya mchanga.

Mimi naikumbuka zaidi Kutoka 23:9. Waisraeli wanakatazwa kumwonea mgeni, "maana mwaijua roho ya mgeni", kwa kuwa walikuwa wageni Misri. Neno ni nefesh. Wanakumbushwa koo lililokauka ugenini, na njaa ya mtu anayekula kwa hisani ya wenye nchi.