Je, wajua kwa nini seli ya ini haiwi seli ya jicho?

Mwili wako wote ulianza na seli moja, yai lililorutubishwa. Seli hiyo iligawanyika ikawa mbili, mbili zikawa nne, na katika kila mgawanyiko DNA, molekuli inayobeba maelekezo ya kuujenga mwili, ilinakiliwa upya. Kwa hiyo seli ya ini lako imebeba jeni (vipande vya DNA vyenye maelekezo) zile zile, takriban 20,000, zilizomo katika seli ya jicho. Tofauti yao basi imetoka wapi?

Wapo wanasayansi waliowahi kudhani kwamba seli ikishapata kazi yake, hupoteza jeni isizozihitaji. Mwaka 1962 Mwingereza John Gurdon alionyesha kuwa sivyo. Alichukua kiini, yaani sehemu ya seli inayotunza DNA, cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi akakiweka ndani ya yai la chura ambalo kiini chake kilikuwa kimeharibiwa kwa mionzi. Mayai mengi yalikufa, lakini machache yalikua yakawa viluwiluwi kamili. Seli ya utumbo, kumbe, ilikuwa bado imehifadhi maelekezo ya kujenga mnyama mzima!

Jeni zote zipo, ila si zote zinazosomwa. Zipo protini zinazojishikiza kwenye DNA na kuamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Jeni ya insulini, kwa mfano, imo hata kwenye ngozi yako, lakini wanaoisoma hasa ni seli maalumu za kongosho. Chembe nyekundu za damu zimekwenda mbali zaidi: zikishajaa himoglobini, protini inayobeba oksijeni, hutoa kiini chao nje kabisa.

Linalonistaajabisha zaidi ni namna seli inavyojua zamu yake. Huambiwa na majirani. Nchini Ujerumani, Hilde Mangold, akiwa mwanafunzi wa Hans Spemann, alikata kipande kidogo cha kiinitete (mnyama anayeanza tu kuumbika) cha salamanda mwenye rangi hafifu, akakipandikiza upande wa tumbo wa kiinitete cha salamanda mwenye rangi nzito. (Salamanda ana umbo la mjusi, ingawa ni jamaa wa chura.) Pale tumboni pakaota kiinitete cha pili, chenye uti wa mgongo wake, kimegandana na cha kwanza kama pacha. Rangi ndizo zilizotoa siri: sehemu kubwa ya pacha huyo ilijengwa na seli za mwenyeji, zile ambazo zingekuwa ngozi ya tumbo tu. Kipande kilichopandikizwa kilikuwa kimezigawia kazi mpya. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1924, na Hilde akafariki mwaka huohuo akiwa na miaka 25. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1935 alipewa Spemann peke yake, na mimi siachi kumtaja Hilde kila ninapoieleza habari hii.

Leo tunajua kuwa majirani husemezana kwa molekuli. Seli iliyo karibu na chanzo hupata nyingi, ya mbali hupata chache, na kila kiasi huamsha jeni tofauti.

Wakati mwingine ujumbe wenyewe ni kufa. Mkono wako tumboni mwa mama ulianza kama kasia dogo, kisha seli zilizokuwa kati ya vidole zikajiua, vidole vikaachana. Kwa bata ujumbe huo huzuiwa miguuni, seli zikabaki hai, naye akapata utando wa kuogelea.