VPN imeunganika, mafaili hayafunguki

Simu ninazopigiwa kuhusu VPN za ofisi ndogo (njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti) zinafanana: "Fundi, imeandika imeunganika, lakini foda ya hesabu haifunguki." Mhasibu yuko nyumbani, seva iko ofisini, na lawama zote zimeshabebeshwa paswedi. Paswedi mara nyingi haina kosa.

Kwanza namwambia aachane na jina la seva, aandike anwani yake: \\192.168.1.10\hesabu. Ikifunguka, shida ni majina tu. Pale ofisini kompyuta hupata majina kwa kutangaziana mtandao mzima, na tangazo la namna hiyo kwa kawaida halivuki VPN. Weka DNS ya ofisi (seva inayogeuza majina kuwa anwani) kwenye mipangilio ya VPN, au liandike jina na anwani yake kwenye faili la hosts la laptopu, yaishe.

Isipofunguka, namwomba aandike amri ya ipconfig kwenye Command Prompt ya Windows, anisomee anwani aliyopewa na ruta ya nyumbani. Hapa ndipo penye kazi. Ruta nyingi hutoka kiwandani na 192.168.1.x au 192.168.0.x; aliyefunga ya ofisi aliiacha vilevile, na ya nyumbani hakuna aliyeigusa. Sasa laptopu yenye 192.168.1.23 ukiituma kwa 192.168.1.10, inamwona ni jirani wa humo humo, inamtafuta sebuleni. VPN haipelekewi kitu. Unaweza hata kupiga ping (kuiita anwani uone kama itajibu) ukajibiwa, ukafurahi, kumbe aliyejibu ni televisheni. Dawa ya kweli ni kubadilisha anwani za ofisi, ziwe mfano 10.37.20.x. Ifanye Jumamosi, maana printa, kamera na kila chenye anwani ya kudumu kitaguswa. Wenye biashara hununa wakisikia hivyo, ila kuzunguka kubadilisha ruta za nyumbani kwa wafanyakazi ni kujitafutia balaa.

Anwani ziko tofauti na bado hola? Nenda kwenye faiwoli ya Windows ya seva, ile inayochuja nani aingie. Kanuni ya kushirikiana mafaili mara nyingi inaruhusu mtandao wa ndani peke yake, na mtu wa VPN anaingia na anwani ngeni. Ongeza anwani za VPN kwenye kanuni ya poti 445, mlango ambao mafaili hayo hupitia. Kuzima faiwoli nzima ni uvivu.

Halafu kuna ile ya foda kufunguka, orodha ya mafaili inaonekana, ukibofya faili lenyewe linaganda. Shuku MTU, yaani ukubwa wa mwisho wa pakiti moja ya data: pakiti ndogo zinapita, kubwa zinakwama njiani. Ipigie seva ping -f -l 1392, punguza namba mpaka ijibu, jumlisha 28 (baiti za vichwa vya pakiti), jibu liweke kuwa MTU ya VPN.

Wapo wanaochoka na yote haya wakaifungua poti 445 kwenye ruta, intaneti nzima iione. Mei 2017 WannaCry, programu hasidi inayofunga mafaili na kudai fidia, ilisambaa duniani kwa kupitia poti hiyohiyo, ikitumia udhaifu wa toleo la kwanza la SMB, utaratibu wa Windows wa kushirikiana mafaili. Mteja akiniomba hilo namkatalia, hata kama atamwita fundi mwingine.